Unapokutana na Jina la Rangi Usiyoijua

Katika kazi yangu ya kuandaa rangi za machapisho, huulizwa mara kwa mara rangi fulani ni ipi hasa. Muulizaji hutarajia nimtajie rangi nyingine anayoifahamu, lakini mimi humuuliza kwanza jina hilo amelikuta wapi, kwa kuwa majina mengi ya rangi hayakutungwa ili yawe vipimo. Yalitungwa kutaja kitu chenye rangi hiyo, au hata tukio lililovuma siku bidhaa ilipoingia sokoni.

Majina yaliyotokana na vitu hayasumbui sana. Zambarau ni tunda na kijivu kimetokana na jivu, hivyo anayekijua kitu chenyewe hapotei mbali, ingawa zambarau lililoiva barabara hukaribia weusi na bado tunaliita hivyo hata vazi lililopauka.

Majenta, ile rangi iliyokolea iliyo kati ya nyekundu na zambarau, ni shauri jingine. Mwaka 1859 rangi ya kutia nguo aliyoitengeneza mkemia Mfaransa François-Emmanuel Verguin kutokana na kemikali iitwayo anilini iliuzwa kwa jina la fuksini, kwa kufananishwa na ua la fuksia. Tarehe 4 Juni mwaka huohuo majeshi ya Ufaransa na Sardinia yaliwashinda Waaustria katika mji wa Magenta, kaskazini mwa Italia, na punde rangi hiyo ikapewa jina la mji huo. Kwa hiyo hata ukiuzunguka mji mzima, hutaona kwa nini rangi ikaitwa hivyo.

Tena jina halikutulia. Wino wa majenta unaotumika leo katika uchapaji si rangi ile ya Verguin. Ulichaguliwa kwa sababu hunyonya mwanga wa kijani na kurudisha mwekundu na wa buluu. Kwenye skrini, majenta ni mwanga mwekundu na wa buluu kwa kiwango cha juu kabisa bila kijani hata kidogo, yaani #FF00FF kwa msimbo wa rangi wa kompyuta, na hapo fuksia ina msimbo huohuo. Mteja aliyeidhinisha rangi kwenye skrini akipokea karatasi huiona imefifia na kuelekea wekundu, akadhani mchapaji amezembea, kumbe wino wa kawaida hauwezi kufikia mng'ao ule.

Hata neno linaloonekana wazi linaweza kudanganya. Katika orodha ya majina ya rangi za kurasa za wavuti, kijivu cha kawaida kina thamani ya 128 katika kipimo cha mwanga kinachoanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), ilhali kile kinachoitwa kijivu cha giza kina 169, maana yake cha giza ndicho cheupe zaidi. Chanzo ni orodha mbili za zamani zilizounganishwa bila kusawazishwa.

Mwaka 1814 mchoraji wa Uskoti Patrick Syme alijaribu kuliziba pengo hili kwa kutoa kitabu kilichoambatanisha kila jina na sampuli iliyopakwa rangi, pamoja na mifano ya wanyama, mimea na madini, na mwanasayansi Charles Darwin alikichukua kitabu hicho katika safari yake ya merikebu ya Beagle. Mimi nami hudai sampuli kuliko maelezo, na huikagua kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu rangi mbili zinazolingana kabisa chini ya taa zinaweza kutofautiana waziwazi zikitolewa juani.