Je, wajua kwa nini kuna watu wanaoendesha seva, yaani kompyuta inayohudumia wengine mtandaoni, ya kunakili maneno ya wanasiasa?

Tarehe 30 Juni 2023, watu waliofungua viungo vya Twitter bila kuwa na akaunti walikuta mlango umefungwa: jisajili kwanza, ndipo usome. Kesho yake Elon Musk, aliyeinunua kampuni hiyo Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akatangaza kwamba asiyelipia atasoma machapisho 600 tu kwa siku. Masharti hayo yalilegezwa baada ya muda mfupi, lakini jambo moja lilikuwa limeshaonekana wazi. Mawaziri, mameya na wabunge wa nchi nyingi walikuwa wamezoea kutoa matangazo yao kwenye uwanja wa mtu binafsi, na siku hiyo mwenye uwanja alifunga geti.

Hebu fikiria tangazo la mkuu wa wilaya limebandikwa ndani ya ukumbi wenye kiingilio. Nani angekubali? Lakini mtandaoni tumelikubali kwa miaka mingi. Wanaoendesha seva za kioo, yaani seva zinazonakili machapisho ya hadharani ya viongozi na kuyaweka mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma bila akaunti wala ada, wanajaribu kulitoa tangazo ukumbini na kulirudisha kwenye ubao wa nje.

Nyingi za seva hizi zinatumia Mastodon, programu ya mtandao wa kijamii ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016. Mastodon haina makao makuu wanamokaa watumiaji wote. Kila anayeweza kukodi seva anaweza kuiweka, akatunga kanuni zake na kufungulia watu akaunti. Seva hizo huzungumza kwa lugha moja, ActivityPub, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2018. Ni kama baruapepe: wewe uko Gmail, mwenzako yuko Yahoo, na barua zinafika. Vivyo hivyo, mtu aliye kwenye seva ya Nairobi anaweza kumfuata aliye kwenye seva ya Berlin.

Sasa kioo kinafanyaje kazi? Mwendeshaji hufungua akaunti moja kwa kila mwanasiasa. Programu ndogo hupita kwenye chanzo, yaani mahali anapochapisha mwenyewe, kila baada ya dakika chache, hulinganisha inachokikuta na ilichokwisha kuchukua, kisha hukibandika kilicho kipya. Chanzo kikiwa na mlisho wa RSS, yaani orodha ya mapya iliyopangwa ili programu iisome, kama tovuti nyingi zilivyo nao, kazi ni nyepesi. Kikiwa ni Twitter, ambayo sasa inaitwa X, ni taabu: mwaka 2023 kampuni iliacha kutoa bure mlango ambao programu zilipitia kuvuta machapisho, na kifurushi cha kawaida kikaanzia dola 100 kwa mwezi. Vioo vingi vilivyoendeshwa na watu wa kujitolea vilizimika hapo.

Gharama nyingine huonekana baadaye. Maandishi hayali nafasi. Kinachokula diski ni picha na video za mikutano ya hadhara, tena kila seva yenye mfuasi huja kuchukua nakala yake ya picha hiyo, hivyo data inayotoka huongezeka kadiri wafuasi wanavyotapakaa kwenye seva nyingi. Kuna pia suala la urefu. Mastodon kwa kawaida hukubali herufi 500 kwa chapisho, na hotuba iliyowekwa Facebook haienei humo. Inabidi ikatwe vipande, au mwendeshaji abadilishe kikomo kwenye seva yake. Mimi naona kuikata ni kosa, kwa sababu kipande cha katikati kikisambazwa peke yake kinaweza kubeba maana ambayo msemaji hakuikusudia.

Lililo gumu zaidi ni uaminifu. Kila ujumbe unaotoka kwenye seva hutiwa saini ya kidijitali, na seva inayopokea huihakiki. Wengi hudhani saini hiyo inathibitisha kwamba mwanasiasa ndiye aliyesema. Sivyo. Inathibitisha tu kwamba ujumbe umetoka kwenye kioo. Mwendeshaji mwenye nia mbaya anaweza kubadili neno moja na saini ikabaki halali. Ndiyo maana kioo cha kweli hujitambulisha kwenye wasifu kwamba si akaunti rasmi, huwasha alama ya akaunti inayojiendesha, na huweka kiungo cha chanzo chini ya kila chapisho. Bila hayo matatu, hicho si kioo, ni mtu aliyevaa sura ya kiongozi.

Msomaji naye ajue kwamba njia hii ni ya upande mmoja. Ukijibu chini ya chapisho la kioo, mheshimiwa hataliona jibu lako. Nimeona watu wakieleza shida ya maji ya mtaa wao mahali pa namna hii, kwa adabu na kwa urefu, wakisubiri jibu. Inaumiza. Mwendeshaji anayejali atawaonyesha watu anwani halisi ya ofisi husika.

Halafu kuna kufuta. Mwaka 2010 Waholanzi walianzisha Politwoops, mradi uliohifadhi machapisho ya wanasiasa yaliyofutwa, na baadaye ukaenea nchi nyingi. Mwaka 2015 Twitter iliufungia mlango ikisema haki ya kufuta ni ya kila mtumiaji, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo ikaufungua tena. Mvutano ule haujaisha. Kwenye ActivityPub, chapisho likifutwa seva hutuma ombi la kufuta kwa wenzake, na ombi si amri: seva nyingi hutii, nyingine hubaki na nakala. Kwa hiyo mwenye kioo lazima aamue mapema. Je, anafuata kila hatua ya chanzo, au anatunza kumbukumbu?

Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda aliandika kwamba yeye na jeshi lake wangeweza kuiteka Nairobi katika muda usiofika wiki mbili. Baba yake, Rais Yoweri Museveni, ilibidi awaombe radhi Wakenya kwa maandishi. Maneno ya uzito huo ni mali ya historia ya nchi mbili, wala hayawezi kuachwa yategemee kidole cha aliyeyaandika. Wakati mwingine anayefuta ni kampuni: Juni 2021 Twitter iliondoa chapisho la Rais Muhammadu Buhari lililogusia vita vya Nigeria vya 1967 hadi 1970, na siku chache baadaye serikali ya nchi hiyo ikaifunga Twitter yote, hadi Januari 2022. Msimamo wangu ni kwamba chapisho la mwenye madaraka, alilolitoa kwa umma kuhusu mambo ya umma, libaki na liandikwe wazi kuwa limefutwa kwenye chanzo. Picha ya mtoto wake, au jina la raia aliyemjibu, liondoke mara moja.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na X ikafungwa Tanzania Mei 2025. Nakala iliyokwisha kufika kwenye seva nyingine husomeka hata kama kioo chenyewe kimezuiwa, maana msomaji huichukua kwenye seva yake mwenyewe.

Hata hivyo kioo ni cha kusubirishia tu. Ujerumani ina social.bund.de, seva ya Mastodon ya taasisi za serikali kuu iliyofunguliwa na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data, na Uholanzi ina social.overheid.nl. Umoja wa Ulaya ulifungua seva yake, EU Voice, Aprili 2022, ukaifunga Mei 2024 muda wa majaribio ulipokwisha, jambo ambalo binafsi nalisikitikia. Truth Social, mtandao wa kijamii wa Donald Trump, ilijengwa juu ya msimbo wa Mastodon, lakini haikuunganishwa na seva nyingine, hivyo anayetaka kumsoma akiwa nje bado anahitaji kioo.

Siku kiongozi anapofungua akaunti yake halisi, kazi ya kioo inakwisha, na Mastodon ina njia ya kukabidhi. Mwenye akaunti mpya akiitambua ile ya zamani, mwendeshaji hubonyeza kuhama, na wafuasi huhamia kwa mwenye jina bila kufanya lolote. Machapisho ya zamani hayahami. Yanabaki kwenye kioo, na juu yake panawekwa mshale wa kuelekea kwa mwenyewe.