"Fools Gold" haimo humo: dhana potofu kuhusu albamu ya kwanza ya The Stone Roses

Anayeuza santuri za gitaa za Uingereza lazima aulizwe swali hili kila mara kuhusu albamu ya kwanza ya bendi ya Uingereza The Stone Roses, na huulizwa na watu wanaojiita mashabiki: "Hii ndiyo ile albamu ya kuchezea klabu, yenye wimbo wa 'Fools Gold'?" Hapana. Siyo ya klabu, na "Fools Gold" haimo.

Tuanze na kalenda. Albamu ya *The Stone Roses* ilitoka Mei 1989 kupitia lebo ya Silvertone, ikiwa na nyimbo 11, prodyuza akiwa John Leckie. "Fools Gold" ilitoka Novemba mwaka huohuo kama singo, pamoja na "What the World Is Waiting For", ikapanda hadi nafasi ya 8 Uingereza. Aliyenunua albamu siku ilipotoka alikaa nusu mwaka mzima bila kuusikia wimbo huo.

Kosa lilianzia kwenye matoleo ya Marekani. Huko waliongeza "Elephant Stone" katika nafasi ya tatu, na baadaye wakapachika "Fools Gold" mwishoni, baada ya "I Am the Resurrection". Kwa hiyo kabla ya kubishana, hesabu nyimbo. Zikiwa 11 unayo albamu yenyewe. Zikiwa 13 unayo ya Kimarekani, na dawa ni rahisi: ondoa wa tatu na wa kumi na tatu. "Elephant Stone" ni wimbo mzuri, sina ugomvi nao, lakini ni singo ya 1988, na ukiuweka pale unakata njia kati ya "She Bangs the Drums" na "Waterfall".

Kuna wanaosema hilo ni suala la orodha tu, muziki ni uleule. Masikio yao yako wapi? "Fools Gold" imejengwa juu ya lupu ya ngoma (kipande kifupi kinachorudiwarudiwa), besi ya kifanki inayojirudia bila kuchoka, na gitaa la wah-wah, lile linalolia kama sauti ya mtu anayesema "wa-wa". Toleo refu linakaribia dakika 10 na halina haraka ya kufika popote. Albamu ni kinyume chake. Reni, mpiga ngoma wa bendi, anapiga ngoma zake mwenyewe, nyepesi, zenye madoido mengi kwenye matoazi. John Squire anacharaza nyuzi mojamoja zikilia kama za bendi ya Kimarekani The Byrds ya miaka ya 1960. "She Bangs the Drums" haifiki dakika 4: ubeti, kibwagizo, kwisha. Hiyo ni pop ya gitaa, na anayeitafuta disko humo ataishia kusema albamu "imezidishiwa sifa", wakati yeye ndiye aliyeijia na matarajio ya wimbo mwingine.

Mahali pekee ambapo dhana hiyo inapata pa kushika ni mwisho kabisa. Sehemu inayoimbwa ya "I Am the Resurrection" inakwisha kabla ya dakika ya 4, kisha bendi inaendelea kupiga bila mwimbaji kwa zaidi ya dakika 4 nyingine, besi ya Mani ikiwa mbele. Hapo ndipo unapoanza kusikia walikokuwa wanaelekea. Lakini ni nusu ya wimbo mmoja kati ya 11.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia dukani. "'Don't Stop' ni wimbo wa kujazia, ni 'Waterfall' imegeuzwa tu." Neno "tu" ndilo linaloudhi. Waliichukua demo (rekodi ya majaribio) ya "Waterfall", wakaicheza kinyumenyume, na juu yake wakarekodi uimbaji mpya. Kaseti ya kawaida hugawa njia zake nne za sauti, mbili kwa kila upande; mashine ya kurekodia demo huzitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja. Ukiigeuza kaseti, kila kitu kinarudi nyuma: noti ya gitaa inavimba polepole kisha inakatika ghafla, kwa sababu mkia wake umetangulia na pigo limekuja mwisho. Jaribu mwenyewe kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: fungua "Don't Stop", chagua wimbo wote, tumia Reverse. Gitaa litarudi sawa, ila "Waterfall" ya albamu hutaipata, maana chini yake ni demo, na sauti ya mwimbaji Ian Brown sasa ndiyo itakayokuwa imepinduka.

"Albamu ilivuma siku ya kwanza." Mwanzoni ilifika nafasi ya 32 tu Uingereza. Ilipanda mwaka 1990, na kilele chake, nafasi ya 5, ilikipata mwaka 2009 kwa toleo la miaka 20.

"Ndizo rekodi zao za kwanza." Walikwisha kurekodi na prodyuza Martin Hannett mwaka 1985. "I Wanna Be Adored" na "This Is the One" zimo kwenye kanda hizo, zilizotolewa mwaka 1996 kwa jina la *Garage Flower*. Zisikilize mara moja. Utaelewa kazi aliyofanya Leckie.

"Malimao ya jalada ni pambo." Squire alichora jalada hilo akiwaza ghasia za Paris za Mei 1968, ndiyo maana kuna rangi za bendera ya Ufaransa pembeni. Waandamanaji walitumia malimao dhidi ya mabomu ya machozi. (Usiwaige. Macho huoshwa kwa maji safi mengi.)

"Brown hawezi kuimba." Jukwaani, sawa, mara nyingi ni kweli. Kwenye albamu anaimba kwa sauti ya chini, karibu na maikrofoni, na Reni anamshika kwa sauti ya pili. Msikilize Reni.

"CD ya zamani imerekodiwa vibaya, toleo la 2009 ndilo lenye sauti." Lile la 2009 lina sauti kubwa zaidi, na sikio hudanganywa na ukubwa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, ongeza sauti ya CD ya zamani hadi zilingane, halafu uamue.

La mwisho linawahusu wanaorudisha santuri wakidai ni mbovu kwa sababu haitoi muziki. "I Wanna Be Adored" huanza na mvumo na makelele ya mbali, na besi haiingii mpaka sekunde ya 40 hivi. Brown naye anakuja baadaye zaidi. Usipandishe sauti wakati huo, maana ngoma zikiingia spika zako ndizo zitakazolipa. Acha sindano ilipo na usubiri dakika moja.