Kichwa cha habari kikificha jina, kuna jambo

Kazi yangu ni kuhariri habari za mtandaoni, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye maneno manane au kumi yanayokaa juu ya habari. Mwandishi anaweza kuhangaika wiki nzima na habari yake, lakini wasomaji wengi watakutana na yale maneno kumi tu. Ndiyo maana vichwa vya chambo vinanikera, na ndiyo maana nataka kueleza jinsi vinavyotengenezwa. Ukishaijua mbinu, si rahisi kunaswa.

Chukua hiki. Nimekitunga mwenyewe, ila kila anayefuatilia kurasa za michezo atakitambua: "KIMENUKA! Kipa huyu wa Kariakoo afanya hili baada ya mechi, viongozi wabaki midomo wazi." Kina kila kitu isipokuwa habari. Kipa yupi? Kafanya nini? Viongozi wa klabu gani? Ukibofya unakutana na aya nne za historia ya watani wa jadi, tangazo la mikopo, tangazo la kubeti, halafu chini kabisa unaambiwa kipa amefuta picha moja Instagram.

Mtego uko kwenye "huyu" na "hili". Katika mazungumzo ya kawaida nikisema "huyu", ama unamwona ama nimeshamtaja. Hapa sijamtaja, na sitamtaja mpaka uingie ndani ukamtafute. Ndugu zake ni "hiki ndicho alichokifanya", "sababu hii hapa", "alichokisema baada ya hapo", na "kumbe" linalosimama peke yake mwanzoni. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark, Blom na Hansen, walichapisha uchambuzi wa vichwa 100,000 kutoka tovuti 10 za habari za nchini mwao, wakaikuta mbinu hiyo hiyo katika Kidenmaki. Waliihusisha na msukumo wa biashara na mwelekeo wa kiudaku. Kwa hiyo anayesema ni tabia ya vijana wetu wa blogu za Bongo tu anawaonea.

Inafanya kazi kwa sababu akili ya mtu haipendi kuachwa njiani. Mwaka 1994 George Loewenstein, mtafiti wa Marekani, alieleza udadisi kuwa ni pengo kati ya unachokijua na unachotaka kukijua. Ukishaonyeshwa pengo, unasumbuka mpaka lizibwe. Upworthy, tovuti ya Marekani iliyoanza mwaka 2012, iligeuza jambo hilo kuwa utaratibu wa kazi: waandishi walitakiwa kutunga vichwa 25 kwa kila habari, kisha vichwa tofauti vikajaribiwa kwa wasomaji ili kuona kipi kinabofywa zaidi. Kumbukumbu za majaribio hayo baadaye zilifunguliwa kwa watafiti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba, katika kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno hasi linaloongezwa lilipandisha kiwango cha kubofya kwa asilimia 2.3. Sasa unajua kwa nini simu yako imejaa "inasikitisha", "aumbuka", "majanga" na "mazito yaibuka" hata siku ambayo hakuna lolote zito lililotokea.

Fedha nayo imo. Mwenye tovuti hulipwa kwa matangazo yanayoonekana au kubofywa, na matangazo hayo hayaulizi kama umeridhika. Ukifika tu, kazi yake imekwisha. Ile habari ya aya sita inayokatwa vipande vitatu, kila kipande na "endelea ukurasa wa pili", imekatwa ili uone matangazo mara tatu.

Hata hivyo, aina hii hainipi hofu kubwa. Inakula bando na dakika zako, unatoka umekasirika, basi. Inayonitia hofu ni aina ya pili, ile isiyoficha chochote bali inakupa jambo kamili, limeandikwa vizuri, na si kweli.

Tuseme kichwa kinasema: "Wanasayansi wathibitisha mlonge unaponya kisukari." Hakina kelele, hakina herufi kubwa, hakuna "huyu" wala "hili". Fungua habari yenyewe, usome taratibu. Aya ya kwanza inarudia kichwa. Ya pili inasifu mlonge. Aya ya tano, ambayo wachache huifikia, inasema unga wa majani ulipewa panya wa maabara na sukari yao ikashuka kiasi. Panya, si watu. Kushuka, si kupona. Na neno "wathibitisha" halimo popote katika maelezo ya watafiti wenyewe. Limezaliwa mezani kwa aliyeandika kichwa. Tatizo hili ni la dunia nzima: mwaka 2019 mwanasayansi James Heathers alianzisha akaunti ya Twitter ambayo kazi yake ilikuwa kusambaza habari za aina hiyo na kuongeza maneno mawili tu, "katika panya".

Sasa mfikirie mama mwenye kisukari aliyetumiwa kichwa hicho na mwanawe kwa mapenzi mema kabisa. Hatasoma aya ya tano. Anaweza kupunguza dozi aliyoandikiwa na daktari, na hakuna tovuti itakayokuja kumuuliza hali.

Wapo wanaosema dawa yake ni watu wasome hadi mwisho. Inasaidia, lakini haitoshi. Mwaka 2014 Ullrich Ecker na wenzake nchini Australia walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kichwa kinachopotosha kidogo huathiri kumbukumbu na hitimisho la msomaji hata akiwa ameisoma habari yenyewe. Na wengi hawasomi. Utafiti wa mwaka 2016 wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa ulikuta asilimia 59 ya linki zilizosambazwa Twitter hazikubofywa hata mara moja. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichambua machapisho zaidi ya milioni 35 ya Facebook yenye linki, wakakuta takriban asilimia 75 yalisambazwa bila anayesambaza kubofya. Kwetu ongeza bei ya bando. Mtu mwenye MB za kubahatisha husoma kinachoonekana bila kufungua, na simlaumu. Namlaumu mhariri anayejua hivyo na bado anaweka ukweli aya ya tano.

Kwa hiyo mimi huangalia kitenzi kwanza. "Adaiwa", "yasemekana" na "huenda" ni maneno halali, tunayatumia hata sisi, lakini lazima ndani awepo anayedai, kwa jina au kwa cheo. Kama hayupo, hakuna habari hapo. Alama ya kuuliza nayo naiangalia kwa makini. Mwandishi wa Uingereza Ian Betteridge aliandika mwaka 2009 kwamba kichwa chochote kinachoishia na alama ya kuuliza kinaweza kujibiwa "hapana". Si kanuni ya chuma, lakini ukiijaribu kwenye "Je, mshambuliaji huyu anatua Jangwani?" wakati wa dirisha la usajili, utaona inavyosaidia.

Kisha kuna zile picha zenye nembo ya chombo kinachojulikana, sura ya kiongozi na maneno yake kwenye alama za kunukuu. Hazina linki, ndiyo maana ni rahisi kuzighushi: mtu anachukua rangi na nembo za gazeti, anabandika maneno yake. Nenda kwenye ukurasa rasmi wa chombo hicho, utafute siku ile ile. Mara nyingi utaikuta picha hiyo hiyo imepigwa muhuri mwekundu wa kuikana. Usiridhike kwa sababu imeingia kwenye makundi matano. Makundi matano yanaweza kuwa yameitoa kwa mtu mmoja. Tazama na tarehe pia. Habari ya ajali ya miaka sita nyuma ikirudishwa leo ni ya kweli kwa kila neno, na bado inawapotosha ndugu wanaoanza kupiga simu.

Jambo moja watu hawaliamini nikiwaambia: kuingia kwenye maoni na kuandika "waongo wakubwa nyie" kunawasaidia. Mitandao huhesabu maoni kama dalili kwamba chapisho linavutia. Bora utoke haraka. Tangu Agosti 2014 Facebook ilieleza kwamba inaangalia muda ambao mtu anakaa kwenye habari baada ya kubofya; anayerudi papo hapo anatoa ishara kwamba hakupata alichoahidiwa. Ukiweza, ficha ukurasa huo au uache kuufuata.

Na unapotuma habari kwenye kundi la familia, usitegemee kichwa cha mwenye tovuti. Andika juu ya linki sentensi moja yako mwenyewe: nani, kafanya nini, wapi, lini, kwa mujibu wa nani. Ukishindwa kuiandika baada ya kusoma, futa, usitume.