Umekuja mara mbili tu, usiseme tiba imegoma

Jamani malalamiko yamezidi hapa kitengo cha tiba ya mazungumzo, "nimekuja wiki mbili naongea tu sijaona kitu", halafu mtu huyoo anapotea. Tuelewane. Tiba ya mazungumzo kwa sonona au wasiwasi, hasa ile ya kubadili fikra na tabia, mara nyingi inakwenda sesheni 12 hadi 20, moja kwa wiki, dakika 50 hivi, kwahiyo ukija mara mbili bado tunajuana. Wengine mwanzoni wanajisikia vibaya zaidi maana mambo waliyoyafungia miaka yote ndo wameanza kuyataja. Likizidi sema, usikae nalo.

Sasa fomu, hapa ndo kwenye vurugu. PHQ-9, ile fomu ya kupima sonona, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali unachagua 0 mpaka 3, jumla inaanzia 0 inaishia 27, na ikiwa kubwa ndo sonona kali zaidi. Ukitoka 19 ukafika 14 hayo ni maendeleo, pointi 5 sio mchezo, hata kama bado unajiona uko palepale, na wiki moja ikipanda kidogo tunaangalia mwelekeo. Lakini kuna watu wanajaza sifuri tupu ili kumfurahisha mtaalamu (!!), na wengine wanaruka swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, wakidhani watashtakiwa. Ukijaza zaidi ya sifuri hapo tutakuuliza zaidi na kupanga usalama wako pamoja na wewe, basi. Siri inabaki siri, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini au mtoto anafanyiwa ukatili, na hilo ulilisaini siku ya kwanza, ukurasa wa pili, ambao naona hausomwi.

Miadi: ukishindwa kuja toa taarifa saa 24 kabla. Bila taarifa sesheni inahesabika imetumika, ikijirudia mara mbili mfululizo nafasi anapewa anayesubiri, faili linafungwa, na kulifungua ni kuanza tathmini upya kisha foleni. Umeumwa ghafla? Tunaelewa, ila hata meseji jamani.

Na hii ya "si nipewe dawa tu niondoke". Dawa za sonona anaandika daktari, nazo zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na ukipata nafuu usiziache ghafla bila kumuuliza.

Ila kama umehudhuria vizuri, mazoezi ya nyumbani uliyopewa na mtaalamu umefanya, na mpaka sesheni ya 8 hakuna kilichosogea, hata usingizi, mwambie mtaalamu wako usoni. Mpango utabadilishwa au utapewa mtaalamu mwingine, na hakuna atakayenuna.