Mpango sanifu wa matibabu kwa mgonjwa wa upasuaji

Ni fomu inayoonyesha, siku kwa siku, mgonjwa wa upasuaji wa aina fulani afanyiwe nini na nani, tangu kliniki hadi atolewe nyuzi. Ilishika kasi Marekani baada ya 1983, Medicare, bima ya serikali ya huko hasa kwa wazee, ilipoanza kulipa hospitali bei moja kwa kila aina ya ugonjwa. Mgonjwa akikaa siku za ziada, hasara ikawa ya hospitali.

Chukua ngiri ya kinena isiyo ya dharura. Vipimo vinafanyika kliniki na havirudiwi wodini. Mgonjwa analala kwake na kuingia asubuhi. Anayetoka Mbagala, Dar es Salaam, asipangwe wa kwanza, foleni ya magari ya huko inajulikana. Mlo mwepesi unakoma saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu saa 2 kabla. Antibayotiki, ikihitajika, ni dozi moja ndani ya saa moja kabla ya kisu. Akianza kunywa, dripu inatolewa. Jioni anatembea, na ruhusa ni siku hiyohiyo au kesho yake.

Fedha nyingi hupotelea kwenye kusubiri. Mtu analazwa Ijumaa kwa upasuaji wa Jumatatu. Anafikishwa theata, presha iko juu, anarudishwa wodini. Au aliambiwa asile bila kutajiwa tangu saa ngapi, akanywa chai ya maziwa alfajiri. Wengine wanachomwa antibayotiki siku 5 kwa kidonda kisafi, ilhali tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri isiendelezwe baada ya upasuaji. Hata ruhusa ikiandikwa asubuhi, bili ikikamilika alasiri kitanda kimeshapotea.

Sehemu inayorukwa sana ni safu ya mikengeuko: nesi anaandika kisichofanyika na sababu yake. Bila hiyo, fomu ni karatasi tu kwenye faili. Wagonjwa kadhaa wakichelewa kwa sababu ya majibu ya maabara, rekebisha maabara, usiwasukume madaktari. Daktari ana haki ya kuacha mpango, tuseme mgonjwa ana kisukari, mradi aandike kwa nini.

Tatizo gumu ni malipo. Bima inayolipa kila kipimo na kila siku ya kitanda humpunguzia mapato anayeokoa siku, kwa hiyo hospitali ikubaliane kwanza na bima bei moja ya upasuaji mzima, ndipo ichapishe fomu.