Mtu wa Sala Naye Anahitaji Kujifahamu: Dhana Potofu Kuhusu Semina za Walimu wa Dini

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiongoza semina za imani na makuzi ya utu kwa makatekista, walimu wa dini shuleni, masista na mabruda wa mashariki mwa Uganda, na nyingi kati ya hizo tunaziendesha kwa Kiswahili, kwa sababu katika ukumbi mmoja huketi Mteso, Mjopadhola, Msamia na Mgisu, na kila mmoja ana haki ya kusikia bila kutafsiriwa na jirani yake. Katika semina ya karibuni, kabla sijamaliza kueleza ratiba ya siku ya kwanza, katekista mmoja mwenye umri wa kuheshimika alisimama akasema kwa upole: "Mwalimu, sisi tumekuja kwa ajili ya Neno. Hayo ya hisia waachie wanasaikolojia. Mtu wa sala hana haja nayo." Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na kila mara muda wa kulijibu umekuwa mfupi; leo nalijibu kwa urefu linaostahili, pamoja na mengine machache yanayotoka katika chungu hichohicho.

"Mtu wa sala hahitaji kujifahamu, hayo ni saikolojia, si imani"

Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, uliagiza kwamba katika uchungaji yatambuliwe na kutumiwa ipasavyo si mafundisho ya teolojia peke yake, bali pia yale yaliyogunduliwa na sayansi za kidunia, hasa saikolojia na sosholojia, ili waamini waongozwe kwenye maisha ya imani yaliyokomaa zaidi. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 28 Oktoba, tamko la Mtaguso huohuo juu ya malezi ya Kikristo lilikuwa limekwisha kutaka watoto na vijana wasaidiwe kukuza vipaji vyao vya mwili, vya maadili na vya akili kwa kuzingatia maendeleo ya saikolojia na ya ualimu. Agizo hilo lina umri wa miaka sitini, na inaniuma kwamba bado linapokewa vigangoni kama jambo geni lililoletwa na wafadhili.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha. Maana yake kwa katekista ni kwamba neema haimshukii mtu wa kufikirika aliyetakata tayari. Inamshukia huyu mwenye madeni ya ada, mwenye usingizi haba, mwenye hasira aliyoibeba tangu utotoni na ambayo hajawahi kuipa jina. Asiyetaka kuyatazama maumbile yake haiheshimu neema zaidi ya wengine, kwa kuwa anaificha sehemu ileile ambayo neema ilikuja kuikamilisha.

Kwa wale wanaodai Maandiko, ninawaomba wamsome Eliya polepole. Ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli, na mara anamkimbia Yezebeli, anaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Mungu hamkemei kwa imani haba. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate na maji, anamwacha alale tena, anamwamsha mara ya pili ale, na ndipo inapoanza safari ya siku arobaini kuelekea Horebu. Lile swali zito, Eliya unafanya nini hapa, linakuja baada ya mtu kula na kulala. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na huko Getsemane aliwaambia wanafunzi watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Mwalimu wa dini anayewaambia watoto kwamba Mkristo wa kweli halii, basi, anawafundisha kitu ambacho hakimo katika Injili.

Uchovu wa mwalimu wa dini nao si ugonjwa wa kizazi hiki. Karibu na mwaka 400, shemasi wa Kartago aliyeitwa Deogratias alimwandikia Mtakatifu Augustino kwamba anapowafundisha wanaoanza imani, mara nyingi hotuba yake hurefuka na kupoa hata yeye mwenyewe akachukizwa nayo. Augustino hakumjibu kwamba asali zaidi, basi. Alikiri kwake kwamba naye karibu kila mara hotuba yake haimridhishi, kisha akachambua sababu moja baada ya nyingine zinazomzimisha mwalimu, ikiwemo huzuni ya kosa lililotendeka na uchungu wa kuondolewa katika kazi nyingine aliyoipenda, na kila sababu akaitafutia dawa yake, akisisitiza kwamba furaha ya anayefundisha ndiyo kitu cha kutafutwa kwanza. Huyo ni mwalimu wa Kanisa, Mwafrika, anayetazama hisia za katekista kwa makini kuliko semina nyingi za leo.

Niseme sasa ninachokiona kwa macho yangu, kwa kuwa hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Alikuwapo katekista mmoja, mtu wa Rozari kila siku, aliyekuwa akiwachapa watoto wa Komunyo ya Kwanza wanaposhindwa kukariri Kanuni ya Imani. Sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, naye alijua hivyo. Nilipomuuliza yeye alijifunzaje Kanuni hiyo, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kwa fimbo." Kwa miaka ishirini alikuwa amemwomba Mungu ampe watoto watiifu, na hakuwahi hata siku moja kumwomba amwonyeshe yule mtoto aliyechapwa ambaye bado alikuwa ndani yake. Sala yake ilikuwa ya kweli, ila haikuwa imefika mahali palipouma. Na watoto wale, waliosikia neno "Baba" la sala ya Bwana kutoka katika mdomo uleule uliowatisha, walijifunza jambo fulani kuhusu Mungu ambalo hakuna maswali na majibu ya katekisimu yatakayolifuta kwa urahisi.

Wapo pia walimu wa Teso waliokimbilia kambini mwaka 2003 waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) wa Joseph Kony walipoingia, ambao kila Kwaresima hufundisha somo la kusamehe huku koo limekauka. Mtu wa namna hiyo haambiwi "omba tu". Wala semina ya siku tatu haimtibu, na mwezeshaji anayejaribu kufungua majeraha ya vita mbele ya watu arobaini anatenda kosa kubwa. Kazi yetu ni kumsaidia aone kwamba jeraha lipo na kwamba si dhambi, kisha tumsindikize kwa mshauri nasaha au kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, kama ile ya Mbale au ya Soroti, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Naye aendelee kusali anapotibiwa, kama anavyosali mgonjwa wa malaria.

Ushauri wangu, ambao washiriki wangu wamekwisha kuuchoka na bado ninaurudia, ni daftari dogo na dakika kumi kila jioni. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alipovunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akiwa kitandani alitambua kwamba ndoto za ushujaa wa kidunia zilimfurahisha kwa kitambo na kumwacha mkavu, ilhali fikra za kumfuata Kristo zilimwacha na furaha iliyodumu. Katika kuzipambanua hisia hizo mbili ndimo ilimoanzia njia ya sala inayofuatwa duniani kote hadi leo. Basi, jioni, kaa, mshukuru Mungu kwa siku, uipitie saa kwa saa, uandike sentensi moja tu: leo nilihisi nini nilipofundisha, na hisia hiyo ilinipeleka wapi. Iandike kwa lugha uliyonyonya nayo. Nimeona kwamba mtu anayeandika kwa Kiingereza huandika alichofundishwa kuandika, na anayeandika kwa Kiteso au Kigisu huandika kilichompata. Tena somo la Jumapili lisiandaliwe Jumamosi usiku na mtu aliyetoka shambani amechoka, liandaliwe Alhamisi.

"Mashahidi wetu walisimama kwa imani tu, hawakuhudhuria semina yoyote"

Hili husemwa kwa majivuno hasa Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, inapokaribia, nami huliona kuwa linawapunguzia mashahidi heshima yao. Wamisionari wa Afrika (shirika la Mapadre Weupe) waliofika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1879, Padre Lourdel tuliyemwita Mapera na Bruda Amans, walikuwa chini ya Kardinali Lavigerie, aliyedai kila mwongofu alelewe kwa miaka minne kabla ya Ubatizo. Miaka minne! Leo tunanung'unika kwa siku nne. Wamisionari walipoondoka mwishoni mwa mwaka 1882 na kukaa ng'ambo ya Ziwa Viktoria hadi katikati ya mwaka 1885, walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba ndio walioendelea kufundisha, na wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa Ubatizo, waliongezeka bila padre. Karoli Lwanga, usiku ule wa Mei 1886 huko Munyonyo, aliwabatiza wahudumu wa ikulu waliokuwa hawajabatizwa, Kizito akiwa mmoja wao. Hakuwa na kitabu mkononi, ila kwa miezi kadhaa alikuwa amewalea vijana wale kwa subira, akiwafahamu mmoja mmoja, hofu zao na udhaifu wao. Ni vivyo hivyo kwa makatekista vijana Daudi Okelo na Jildo Irwa waliouawa Paimol mwaka 1918: walikuwa wametayarishwa kabla ya kutumwa.

"Semina ni maungamo ya hadharani, na taarifa itamfikia paroko au mama mkuu"

Hofu hii naielewa, kwa sababu wapo wawezeshaji waliowahi kuwalazimisha watu kusimulia maisha yao mbele ya wenzao. Wamekosea, na mshiriki ana haki ya kukataa. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inalinda sifa njema na faragha ya kila mtu, na kanuni ya 630 inawakataza wakuu wa mashirika kumshawishi mtawa kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake. Dhambi hupelekwa kwenye kitubio. Semina ni mahali pa kujifunza, na kile ambacho mshiriki hataki kukisema kinabaki katika daftari lake.

"Niliweka nadhiri za daima, malezi yangu yamekwisha"

Kanuni ya 661 inasema watawa waendeleze kwa bidii malezi yao ya kiroho, ya mafundisho na ya utendaji maisha yao yote, na wakuu wao wawapatie nyenzo na muda. Sista mwalimu anayefundisha vipindi vingi kwa wiki na kisha kusimamia bweni usiku hana muda huo, na hapo anayepaswa kusumbuliwa ni mkuu wake.

"Nilihudhuria mwaka juzi, cheti ninacho"

Cheti kinathibitisha kwamba mtu alikuwapo ukumbini, hakithibitishi zaidi ya hapo. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa na Kanisa mwaka 2020 unapoeleza malezi ya katekista hauanzi na maarifa wala mbinu. Unaanza na jinsi mtu alivyo na anavyokaa na wenzake, na jambo hilo halimalizwi kwa kikao kimoja. Ninapendelea vikundi vya watu sita au saba wanaokutana kila mwezi katika kigango chao baada ya semina, kila mmoja na daftari lake, kuliko ukumbi wa watu mia mbili mara moja kwa mwaka.

"Ni anasa, parokia haina fedha za mambo hayo"

Kanuni ya 780 inawataka maaskofu wahakikishe makatekista wanatayarishwa ipasavyo na kupewa malezi endelevu, na kanuni ya 231 inawadai walei wanaotumikia Kanisa wapate malezi yanayofaa, kisha inawapa haki ya ujira wa heshima. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista kuwa huduma ya kudumu ya walei, na huduma ya namna hiyo haiwezi kutegemea sadaka iliyobaki baada ya kulipia hema na vipaza sauti vya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia. Semina ninayoizungumzia hufanyika katika darasa la shule ya parokia wakati wa likizo. Inahitaji ugali na maharage, nauli ya kurudi nyumbani, madaftari, na padre atakayekuwapo kwa ajili ya Misa na kitubio. Halmashauri ya parokia iketi mwezi wa kwanza, iandike kiasi hicho katika bajeti ya mwaka, na jina la kila katekista liwekwe kando ya kiasi chake.