Eti Commodore 64 inaskroli yenyewe? Hapana bwana

Wateja wanaoniletea Commodore 64, ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, niwatengenezee, tukishawasha gemu ya Uridium kujaribu joystiki lazima mtu aniambie "aah hapo programa hakufanya kitu, chipu ya video ndo inasogeza kila kitu." Jamani nimechoka.

VIC-II, ndo hiyo chipu ya video, inasogeza picha pikseli 0 hadi 7, basi, imeisha hiyo. Ukifika ya nane unarudi sifuri na kodi yako mwenyewe ndo inahamisha herufi zote (vile vipande vidogo vinavyojenga picha) nafasi moja, na skrini ni 40 kwa 25, yaani herufi 1000. Hata uandike kodi ya haraka vipi, kuchukua herufi moja na kuiweka pembeni kunakula mizunguko 8 ya prosesa, kwa hiyo 8000, toa kidogo kwa ile mistari ya pointi isiyosogea, wakati fremu nzima, yaani picha moja, ya PAL (mfumo wa TV wa picha 50 kwa sekunde) ina mizunguko kama 19,600 tu na chipu ya video inaiba mingine humohumo, na hapo hujasogeza adui, hujacheki risasi imegonga nini, hujapiga sauti. Halafu kuna rangi! Herufi unaweza kuziandaa taratibu kwenye skrini ya pili ukabadilisha ghafla, ila memori ya rangi iko kwenye anwani $D800 na haihamishiki, ukitaka rangi zisogee nazo ni 8000 nyingine. Bajeti kwisha.

Sasa angalia manowari za angani za programa Andrew Braybrook kwenye Uridium ya 1986, chuma kitupu, vivuli vilevile mwanzo mpaka mwisho. Rangi ikiwa ileile kila sehemu hakuna cha kuhamisha. Watu wanaona uvivu wa kuchora, mi naona akili, tena Manta, chombo cha mchezaji, inageuka kushoto kulia muda wowote mchezaji anapotaka, so programa hajui hata skrini itaelekea wapi.

Nyingine: "gemu inakwamakwama kwenye TV mpya, imeandikwa vibaya." Ni skrini yako hiyo. Gemu inatoa picha 50 kwa sekunde, skrini iko 60, kila picha ya tano inaonyeshwa mara mbili. Weka 50 kama inakubali, au tafuta TV ya chogo, mi nashauri chogo.

"Uridium ya ZX Spectrum, ile kompyuta nyingine, ni ileile imekopiwa tu." Spectrum haina skroli ya chipu hata pikseli moja, haina sprite (vile vipicha ambavyo chipu inavisogeza yenyewe), Dominic Robinson aliyeiandika hiyo ya Spectrum alibidi afanye kila kitu kwa prosesa. Sitabishana zaidi.

Na hii "adapta ya umeme orijino ya Commodore 64 ndo salama" inaniua kabisa. Zile adapta nzito za zamani zikichoka, ule upande wa volti 5 unapanda na chipu za memori zinaungua, mashine nyingi zinakufa hivyo. Hata ikipima sawa leo mimi siichomeki, nunua mpya.